Tajiri wa Niles na Ubingwa Wake wa Dunia
Mhadhara juu ya mashindano ya gofu ya Tam O'Shanter, 1946–1957



Nilipoalikwa kuzungumza hapa niliulizwa mada yangu ni nini. Nikajibu: gofu. Aliyeniuliza akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Gofu? Ule mchezo wa wakubwa?" Sikumlaumu. Kwetu mtu hupita kando ya uwanja wa gofu kama anavyopita kando ya ikulu: anaona majani, anaona ukuta, anaendelea na safari yake. Mimi niliingia uwanja wa gofu kwa mara ya kwanza kwa mlango wa nyuma, nikiwa kedi. Kwa miaka 2 nilibeba mifuko ya watu, nikatafuta mipira yao vichakani, na nikajifunza kukaa kimya pale bwana mkubwa anapokosa shimo lililo hatua moja mbele yake. Kwa hiyo mchezo huu naujua kwa bega kabla ya kuujua kwa kitabu.

Leo nitawasimulia mashindano yaliyofanyika mbali sana na hapa, katika mji mdogo wa Niles, jirani na Chicago, huko Marekani. Yaliitwa World Championship of Golf, Ubingwa wa Dunia wa Gofu. Jina hilo hayakupewa na mtu, yalijipa yenyewe. Yalianza 1946, na baada ya 1957 hayakuchezwa tena. Miaka 12 tu. Katika mchezo ambao Open ya Waingereza ilianza 1860 na inaendelea hadi leo, miaka 12 ni usingizi wa mchana. Hata hivyo, ukifungua televisheni Jumapili jioni ukaona gofu, ukaona majukwaa ya watazamaji, ukaona jina la mchezaji limeandikwa mgongoni mwa kedi wake, unaangalia mambo ambayo wazee wa mchezo waliyacheka yalipokuwa Niles.

Mwenye mashindano hayo alikuwa George S. May. Husimuliwa kwamba katika ujana wake aliuza Biblia, akifuata mikutano ya wahubiri. Mwaka 1925 alifungua kampuni Chicago, na biashara ya kampuni hiyo ilikuwa kuwashauri wenye viwanda namna ya kupunguza hasara. Watu wake waliingia kiwandani, wakahesabu nani anafanya nini kwa dakika ngapi, wakamwambia mwenye mali wapi fedha zinavuja. Mali bila daftari hupotea bila habari. May alikuwa akiuza hilo daftari. Likamtajirisha. Akaununua uwanja wa Tam O'Shanter ulioko Niles, uliopewa jina la mlevi mmoja katika shairi la Robert Burns wa Uskoti, na hapo yule muuza ubanaji wa matumizi akaanza kumwaga fedha kama mtu anayeoza binti yake wa pekee.

Alianza na mashindano ya All-American Open mwaka 1941. Vita vilipokwisha akaona hayatoshi. Mwaka 1946 aliita wachezaji 4 tu, wacheze mashimo 36, na dola 10,000 zote ziende kwa mshindi. Wa pili, patupu. Miongoni mwa hao 4 walikuwapo Ben Hogan, Byron Nelson na Sam Snead, vigogo wote watatu wa zama zile. Snead akashinda. Sasa sikilizeni: mwaka huohuo Snead alikuwa amevuka bahari hadi St Andrews, Uskoti, akaishinda Open ya Waingereza, kombe linaloheshimiwa kuliko yote, akapewa pauni 150. Safari yenyewe ilimgharimu zaidi ya hizo, na alilalamika waziwazi. Mtu huyohuyo, mwaka uleule: kombe lenye heshima ya karibu karne nzima halikumrudishia nauli, na shindano lililozaliwa juzi likamjaza mifuko. Hapo ndipo ugomvi wote wa May na wakubwa wa gofu ulipoanzia, ingawa hakuna aliyesema wazi kwamba ulikuwa ugomvi wa fedha na heshima.

Kwa May, gofu lilikuwa jambo la kutazamwa. Kwa wenzake, mtazamaji alikuwa mtu wa kuvumiliwa, asimame mbali, asikohoe. May alimfungulia geti kwa kiingilio kidogo, akamjengea majukwaa ya kukalia, akamruhusu aje na watoto na kapu la chakula. Mwenyewe alikuwa akizunguka uwanjani na mashati ya maua yanayoonekana toka barabarani. Aliwahi kuleta mchezaji aliyevaa barakoa ili watu wabahatishe ni nani. Waungwana wa vilabu vya zamani waliona haya kwa niaba yake. Yeye hakuona.

Na alitaka wachezaji wavae namba mgongoni.

Naomba nisimame kidogo hapa, maana jambo hili linaonekana dogo. Nilipokuwa kedi, sisi tulimtambua mchezaji akiwa mbali mashimo mawili kwa mwendo wake: huyu anachechemea, yule anatembea kama anakwenda kudai deni. Lakini mtu aliyekuja kutazama kwa mara ya kwanza anaona nini? Anaona wanaume waliovaa kofia zinazofanana wakitembea majanini. Hajui yupi ni Hogan na yupi ni mtu wa kawaida tu. Mpira wa miguu una jezi, mbio zina namba, ndondi zina bukta mbili za rangi mbili. Gofu halikuwa na kitu. May akasema: vaeni namba, mtazamaji asome kwenye programu yake. Wachezaji wakaja juu. Wakasema wao si farasi. Wengine walikataa katakata, kukawa na mabishano ya msimu baada ya msimu. Nikisoma ugomvi ule naona pande zote mbili. Mtu aliyepanda kutoka chini kwa kubeba mifuko ya wengine, kama alivyopanda Hogan, hapendi kubandikwa karatasi mgongoni. Lakini yule aliyelipa kiingilio naye ana haki ya kujua anamtazama nani. Leo suluhu imepatikana: jina linabandikwa mgongoni mwa kedi. Kedi hakuulizwa.

Geti la May lilikuwa pana kwa namna nyingine pia, na hili ndilo lililonivuta mimi kwenye habari hii.

Mwaka 1934 chama cha wachezaji wa gofu wa kulipwa wa Marekani, PGA, kiliandika katika katiba yake kwamba uanachama ni wa watu weupe. Neno hilo lilibaki katika katiba hadi Novemba 1961. Halikuwa neno la kwenye karatasi tu. Mwaka 1948 wachezaji wawili Weusi, Ted Rhodes na Bill Spiller, walicheza Los Angeles Open, na kwa mahali walipomaliza walikuwa na haki ya kucheza shindano lililofuata, la Richmond, California. Walipofika wakaambiwa hapana. Wakafungua kesi. Chama kikaahidi kwamba hakitabagua tena, kesi ikafutwa. Kisha mashindano mengi yakabadilishwa, yakaacha kuwa ya wazi na kuwa ya mwaliko. Huna barua ya mwaliko, huingii, na hakuna aliyekubagua. Spiller, aliyekuwa amesoma chuo kikuu, alikuwa akibeba mizigo ya abiria katika stesheni ya treni Los Angeles.

Tam O'Shanter hapakuwa hivyo. Tangu miaka ya vita wachezaji Weusi waliingia, wakapewa muda wa kuanza kama wengine, wakalipwa walichoshinda. Rhodes alicheza hapo, Spiller alicheza hapo, na Charlie Sifford baadaye. Joe Louis, bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu, alicheza kama mchezaji wa ridhaa, na huyo Rhodes ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa gofu. Kwa wengi wao, All-American na World Championship zilikuwa wiki mbili za mwaka ambapo waliweza kupimwa mbele ya Hogan na Snead, kwenye majani yaleyale, na fedha za kweli mezani.

Pembeni ya habari hiyo naomba tumweke mtu mmoja wa bara letu. Mwaka 1947 Bobby Locke wa Afrika Kusini alivuka bahari, akaingia mashindano ya Marekani na kuwashinda wenyeji mfululizo. All-American ya May ilikuwa miongoni mwa alizozichukua. Mzungu kutoka ncha ya kusini ya Afrika alifunguliwa milango ambayo mtu Mweusi aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka uwanjani alifungiwa. Miaka 2 baadaye PGA ilimfungia hata Locke, kwa sababu hakutokea kwenye mashindano aliyoahidi, na wapo waliosema kosa lake halisi lilikuwa kushinda mno.

Je, May alikuwa mpigania haki? Sidhani, na sipendi kumvika joho ambalo hakulishona. Alikuwa mfanyabiashara. Joe Louis akitembea uwanjani, maelfu wanamfuata, na kila mmoja amekata tiketi. Aliwaweka wanawake pia: Babe Zaharias, aliyekuwa na medali za dhahabu za Olimpiki ya 1932, na Patty Berg walishinda ubingwa wa wanawake hapo, katika siku ambazo chama cha wanawake wa kulipwa ndiyo kwanza kinaanza kutembea. Zawadi yao ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ya wanaume. May alifungua geti kwa sababu geti likiwa wazi fedha zinaingia. Wengine walikuwa radhi fedha zisiingie, mradi geti lifungwe. Kati ya hao wawili, kama ningekuwa Bill Spiller na mfuko wangu begani, najua ningekwenda kwa nani.

Sasa tuje 1953, mwaka ambao kila anayeitaja Tam O'Shanter huutaja.

Kwanza hesabu. Mwaka huo Ben Hogan alicheza gofu ambalo watu bado wanalizungumzia. Alishinda mashindano ya Masters, akapata dola 4,000. Akashinda US Open, dola 5,000. Akaenda Carnoustie, Uskoti, akashinda Open ya Waingereza, pauni 500. New York walimpokea kwa gwaride barabarani. Jumlisha zote tatu, hazifiki dola 11,000. Wiki chache baadaye, mwezi Agosti, May aliweka mezani zawadi ya kwanza ya dola 25,000.

Na akaleta kamera. Gofu lilikuwa bado halijaonyeshwa moja kwa moja kwa nchi nzima. Mpira ni mdogo, uwanja ni mkubwa, mambo yanatokea mahali 18 kwa wakati mmoja. Watu wa televisheni hawakuona faida yake. May alilipa mwenyewe ili kituo cha ABC kije. Wakaweka kamera juu ya jukwaa, nyuma ya shimo la 18, na kamera hiyo haikwenda popote. Kilichotokea mbele yake ndicho nchi ingekiona, na kwingineko kote mtu alipaswa kubahatisha.

Chandler Harper alifika shimo la 18 akapiga mkwaju wa pili uliosimama karibu kabisa na shimo. Akausukuma ndani. Jumla yake mikwaju 279. Uwanjani alikuwa amebaki mmoja tu wa kumfikia, Lew Worsham, na Worsham alihitaji mikwaju 3 katika shimo la mikwaju 4 ili afungane naye tu. Harper akaanza kupongezwa. Mikono ikapeanwa, maneno ya ushindi yakasemwa.

Worsham alikuwa amesimama umbali wa yadi zipatazo 100. Alishika weji, ile fimbo fupi yenye uso uliolala unaoinua mpira juu. Akapiga. Mpira ukapanda, ukatua mwanzoni mwa majani yaliyonyolewa, ukaanza kubiringika kuelekea kwenye bendera. Kwa mtu aliyekaa nyumbani mbele ya kisanduku cha picha nyeusi na nyeupe, mpira ule ulikuwa punje ya mchele. Ukabiringika, ukabiringika, haukuonyesha haraka. Ukaingia. Mikwaju 2 badala ya 4. Jumla 278. Worsham bingwa kwa mkwaju mmoja, na Harper bado ana mikono ya watu begani. Jimmy Demaret, mchezaji mwenyewe na mcheshi aliyejulikana, alikuwa akitangaza, na neno lililomtoka hewani wakati ule halifai kurudiwa mbele ya wazee.

Fikirini bahati hiyo. Mchezo wa siku 4, mikwaju mamia kwa mamia, na siku ya kwanza nchi nzima kuutazama, mbele ya kamera isiyoweza hata kusogea, linatokea jambo ambalo mchezaji wa kulipwa anaweza kucheza maisha yake yote asilipate. Angekosa, pengine wenye televisheni wangerudi makwao wakisema walijua tangu mwanzo. Mwaka uliofuata US Open nayo ikaonyeshwa nchi nzima. Mwaka 1956 Masters ikafuata. Waliomcheka mwenye mashati ya maua waliingia kwenye mlango alioufungua, na sikumbuki kusoma mahali popote kwamba walibisha hodi.

May alipoona mambo yamemwendea, akaizidisha zawadi ya 1954 mara mbili: dola 50,000 kwa mshindi, na juu yake nafasi ya kuzunguka akicheza mechi za maonyesho kwa dola 1,000 kila moja. Mwaka huohuo Ed Furgol alishinda US Open akapewa dola 6,000. Aliyezichukua 50,000 za May alikuwa Bob Toski, kijana mwembamba kama mnyoo ambaye wenzake walimtania kwa jina la Panya. Kwa ushindi huo mmoja akawa kinara wa mapato wa mwaka mzima. Hakuwahi kushinda hata moja ya mashindano makubwa manne, na baadaye alijulikana zaidi kama mwalimu wa gofu. Kuna waliosema jambo hili ndilo lililoonyesha upuuzi wa Tam O'Shanter: fedha nyingi kuliko zote kwenda kwa mtu ambaye historia haimkumbuki kwa kombe. Mimi nasema Toski alicheza siku 4 na wachezaji walewale, kwenye mashimo yaleyale, akawashinda. Kama Hogan alizitaka hizo fedha, geti lilikuwa wazi.

Hata hivyo wakosoaji walikuwa na hoja moja ambayo siwezi kuipangua. Mashindano ya May yalisimama juu ya mguu mmoja. Masters ina klabu na kamati yake. US Open ina chama kinachosimamia mchezo nchi nzima. Akifa rais wa chama, anachaguliwa mwingine, na mwezi Juni watu wanacheza. Niles palikuwa na George May: uwanja wake, zawadi kutoka mfukoni mwake, kanuni kutoka kichwani mwake, hata shati lake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wachezaji walikula cha May kwa miaka 12 huku wakimsema, na May alitaka awaamuru kwa sababu anawalisha. Haiwi ndoa hiyo. Mwaka 1958 ugomvi wake na PGA, uliohusu pamoja na mengine ada za wachezaji za kuingia mashindanoni, ulifika mahali akasema basi. Akafuta yote: World Championship, All-American, ya wanaume, ya wanawake, ya kulipwa na ya ridhaa. Wiki mbili nene kuliko zote katika kalenda ya gofu zikatoweka kwa neno la mtu mmoja, na hapakuwa na kamati ya kumbembeleza. May alifariki 1962.

Waliopoteza zaidi hawakuwa akina Hogan. Hao walikuwa na pa kwenda. Ted Rhodes alikuwa na umri wa miaka 40 na kitu geti la Niles lilipofungwa. Katiba ya PGA ilipofutiwa lile neno la watu weupe miaka 3 baadaye, miaka yake ya kushinda ilikuwa imepita. Spiller vivyo hivyo. Sifford ndiye aliyewahi: akashinda mashindano ya Hartford mwaka 1967 na ya Los Angeles mwaka 1969, akiwa na sigara nene mdomoni.

Kuhusu zile dola 50,000 alizopewa Bob Toski mwaka 1954: US Open haikumlipa mshindi wake kiasi hicho mpaka 1979, na kufikia wakati huo dola 50,000 hazikuwa zikinunua hata nusu ya zilichonunua mwanzo.

Uwanja wenyewe upo. Mwaka 1964 na 1965 ulichezewa mashindano ya Western Open, kisha sehemu kubwa ya ardhi yake ikauzwa kwa ujenzi. Yamebaki mashimo 9, nayo ni mali ya idara ya bustani ya mji wa Niles. Anayetaka kucheza analipa ada dirishani na kubeba mfuko wake mwenyewe.